Kombolela, Toleo la Tatu

Mwaka ule tulipewa fedha za kuutia mchezo kwenye simu.
Tulikuwa watatu, chumba kimoja cha kupanga Nkuhungu,
feni ikihamisha vumbi lile lile kutoka kona hii kwenda ile,
na ubao mweupe ambapo Chilewa aliandika kwa wino wa bluu:
KANUNI.

Anayetafuta afumbe macho, ahesabu hadi hamsini.
Wengine wajifiche.
Akikuona akataja jina lako, umeshikwa.
Asiyeonekana akiwahi kopo, akaligusa, akapiga kelele kombolela,
wote walioshikwa wako huru.
Akafunika kalamu. "Basi," alisema. "Umeisha."

Na kweli ulikuwa umeisha.

Mimi nilichora mtaa. Nilichora vizuri, niacheni niseme:
ukuta wa matofali ya kuchoma wa kina Mahinyila,
pipa lililotoboka, banda la nguruwe,
mizabibu ya misheni imeegemea nguzo zake.
Giza nililipaka tabaka saba
na bado lilikuwa giza la mtu mwenye taa mkononi.

Sisi tulicheza umeme ukikatika.
Giza halikuwa rangi. Lilikuwa harufu ya lile banda,
pumzi ya Sechelela sikioni, usicheke, usicheke,
mbigili kisiginoni, na ruhusa ya kulia huna.

Mtoto wa dada yangu aliucheza dakika nne,
akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu.
"Mzuri, mama mdogo. Sasa tunaweza kwenda kucheza?"

Toleo la pili tuliongeza sarafu.
Sitalizungumzia toleo la pili.

La tatu, nikamkumbuka Ndahani,
aliyelala kifudifudi chini ya mizabibu
usiku ule mama zetu walipotuita mmoja mmoja,
tukala, tukalala,
na hakuna aliyekwenda kumwambia mchezo umevunjika.
Saa nne baba yake alimmulika na tochi:
amejikojolea, kimya, anatabasamu.
Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki karibu na Sabasaba
na kila ukimsalimu anakukumbusha
kwamba hadi leo hajapatikana.

Hilo halikuwa ubaoni.
Nikamwambia Chilewa, mchezo huu haumalizwi na mshindi,
unamalizwa na ugali.

Tukabeba kinasa sauti hadi Mvumi, kwa mama yangu.
Tulimkuta anapepeta uwele. Tukamweleza:
ita kama ulivyokuwa ukiita, jioni, uani, sauti yote.
Akanawa mikono. Akajifunga kanga upya.
Akaitazama ile mashine, akanitazama mimi, akamtazama Chilewa,
na Mbeho mwenye hedifoni kichwani.
"Nimwite nani?" alisema. "Si mmekaa wote hapa?"

Tukamsihi. Akajaribu: Nyemo! Nyemo wee!
Ilitoka kama jina linalosomwa kwenye foleni ya zahanati.
Chilewa akainua kidole gumba.

Nikasema naenda chooni.
Nikapita choo, nikapita zizi, nikafika kwenye minyaa,
nikachuchumaa, miaka thelathini na minne, suruali ya kazini,
upepo wa Julai ukinisagia mchanga kwenye meno.
Nikasikia wananitafuta kwa mzaha,
kisha bila mzaha.
Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa.
Simu ikatetemeka mfukoni; nikaizima.

Halafu akaita.

Mbeho aliniomba radhi baadaye, kinasa kilikuwa kimezimwa,
alikuwa anabadilisha betri.
Sikumjibu. Nilikuwa bado nahema,
viatu mkononi, mbigili kisiginoni,
nimeuzunguka uwanja wote mara mbili
nikitafuta kopo.